Barua Zenye Picha ya Gari la Irma

Irma Hudak alikuwa mwoga na hakuona haya kuwa hivyo. Wako watu wanaouficha woga wao kwa kelele, na wengine kwa dini. Irma aliuweka wazi kama chumvi mezani. Aliogopa barafu, aliogopa mbwa wa jirani yake Bernice Zelenka, aliogopa jiko la gesi hata likiwa limezimwa. Kabla ya kutoka nyumbani aligusa kila kitufe cha jiko kwa kidole, vitufe vinne, akivihesabu kwa sauti. Utaratibu huo ulikuwa umemfikisha umri wa miaka hamsini na tisa, naye hakuona sababu ya kuuacha.

Kwa mwoga huenda kicheko, husemwa. Kwa akina Hudak kicheko kilikuwa cha Emil, mumewe, aliyefanya kazi miaka thelathini na mmoja katika kiwanda cha vioo bila kuogopa chochote, kisha figo zake zikafa zote mbili. Daktari alimkataza viazi. Kwa Mslovaki wa milima ya Pennsylvania hiyo si amri ya daktari, ni talaka. Emil alicheka hata kwa hilo.

Mara tatu kwa wiki, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, Emil alipaswa kukaa saa nne kwenye kiti huku mashine ikimsafisha damu. Akikosa siku moja, anavimba miguu. Akikosa mbili, maji yanapanda kifuani. Akikosa tatu... sentensi hiyo Irma hakuwahi kuimaliza. Mwezi wa nne kliniki ya karibu ilifungwa, kwa sababu zilizoelezwa katika karatasi iliyochapwa vizuri sana, wakapelekwa nyingine ng'ambo ya mlima. Njia ya zamani, yenye kona na malori ya magogo, ilichukua saa moja na nusu. Barabara kuu ya kulipia ilichukua dakika thelathini na tano. Basi halikuwepo. Kulikuwa na gari la Irma tu.

Sasa, kuhusu barabara hiyo ya kulipia, Irma alikuwa na urithi. Marehemu baba yake alikuwa akisema kila walipofika kwenye kibanda cha ushuru, akipapasa sarafu mfukoni: "Barabara hii waliijenga kwa mkopo, mwanangu. Mkopo ukiisha, vibanda vitang'olewa na watu watapita bure. Walituahidi." Familia nyingi za kwetu zina mzee aliyesema hivyo. Wengi wetu tulimsikiliza kama unavyosikiliza mvua. Irma alimwamini.

Basi siku ya kwanza alipompeleka Emil kliniki mpya, alikuta vibanda havipo. Vilikuwa vimeng'olewa kweli. Mahali pake palisimama tao la chuma lililovuka barabara juu kwa juu, lina vitu vyeusi vinavyoning'inia kama popo, na kibao kinachosema usisimame. Hakuna aliyenyoosha mkono. Hakuna aliyesema habari za asubuhi.

"Hatimaye wamemaliza kulipa," Irma alisema.

"Nani?"

"Serikali."

Emil alicheka mpaka akakohoa. Alidhani mkewe anatania. Irma alidhani mumewe amefurahi. Ndoa nyingi hudumu kwa njia hii.

Kule Harrisburg, makao makuu ya jimbo, waheshimiwa wa bunge walikuwa wamekwisha kulitazama suala hilo kwa jicho jingine. Vitu vile vyeusi vilikuwa kamera. Kamera husoma namba ya gari, ankara hupelekwa kwa posta kwa mwenye gari, na asiyelipa ankara kadhaa, jimbo linaweza kusimamisha usajili wa gari lake. Mwanzo ilikuwa lazima ankara ziwe nyingi kidogo. Baadaye waheshimiwa waliona wanawadekeza watu, wakapunguza idadi. Ni sheria fupi, haina tusi wala kelele. Inachukulia tu kwamba mtu akipata barua, ataifungua, ataisoma na ataiamini.

Hapo penye kuamini ndipo palipokuwa na kazi.

Majira yale yale matapeli walikuwa wamevamia simu za watu. Kila mtu alipata meseji: unadaiwa ushuru wa barabara, dola sita na senti kadhaa, bonyeza hapa ulipe la sivyo utashtakiwa. Mzee mmoja wa parokia yetu alibonyeza, na dola elfu nne zikaondoka. Kwa hiyo Ijumaa moja, katika ukumbi wa wazima moto, kabla mchezo wa bingo haujaanza, afisa mmoja mstaafu wa polisi aitwaye Grubb alikuja kutuelimisha. Alikuwa na tumbo la kuaminika. Aligawa karatasi ya njano yenye kanuni nne. Usijibu. Usibonyeze. Usimtajie mtu namba ya kadi yako, hata akijiita serikali. Hasa akijiita serikali. Na ya nne: gari likikuwashia taa barabarani na una shaka kama ni polisi wa kweli, usisimame gizani wala porini. Washa taa za tahadhari, endesha polepole mpaka penye watu, piga 911, namba ya dharura.

"Mtu yeyote akikudai ushuru wa barabara," Grubb alimalizia, "huyo ni mwizi. Mwisho wa habari."

Wengine tulichukua karatasi tukaandikia namba za bingo nyuma yake. Irma aliibandika kwenye friji kwa sumaku mbili.

Barua ya kwanza ilifika wiki iliyofuata.

Aliifungua akiwa amesimama jikoni, kisha akakaa. Ndani mlikuwa na ankara, na kwenye ankara palikuwa na picha. Ilikuwa gari lake, limepigwa kwa nyuma, namba inasomeka herufi kwa herufi. Kwenye kioo cha nyuma kilionekana kisogo cha Emil na kofia yake ya rangi ya machungwa ya kuwindia.

Meseji ilikuwa meseji. Mwizi wa meseji anaweza kuwa yuko mwisho wa dunia. Huyu wa barua alikuwa amesimama nyuma yao.

"Emil! Wametupiga picha!"

Emil aliishika karatasi mbali na macho. "Nimetoka vizuri," alisema. "Shingo yangu bado ya kijana."

"Wanajua tunapokaa!"

"Hata mwenye kuleta gazeti anajua tunapokaa. Na bado hulitupa kwenye matope."

Irma aliikatakata ile barua kwa mkasi, nusu ya vipande akaviweka kwenye mfuko huu wa taka, nusu kwenye ule, wasije wakaviunganisha. Ya pili aliifanyia hivyo hivyo. Ya tatu ilikuja na picha tatu, za siku tatu tofauti, na kwa maoni yake hapo ndipo mambo yalipotoka kwenye wizi yakaingia kwenye kitu kingine. Mtu alikuwa anajua siku zao. Anajua Jumanne, anajua Alhamisi. Alianza kutazama kioo cha nyuma zaidi ya alivyotazama mbele, na kwa dereva anayeogopa barafu huo haukuwa usalama. Lori jeupe likikaa nyuma yake zaidi ya maili moja, alipunguza mwendo mpaka limpite. Aliacha kupokea simu. Nyumbani alishusha mapazia saa kumi jioni, wakati jua bado liko, wakala kabichi yao na tambi chini ya taa kama watu wanaoficha jambo.

Alimweleza Bernice kwenye uzio. Bernice hupika katika jiko la shule ya msingi, na huona kila jambo kwa ukubwa wa sufuria.

"Umempelekea Grubb?"

"Simu yake haipokelewi."

"Amefuata kanuni zake mwenyewe," Bernice alisema. "Na wewe umelipa?"

"Nilipe nini? Barabara ni ya bure sasa."

Bernice alimtazama kitambo. Lakini mbwa alikuwa anabweka, na yeye mwenyewe alikwenda kazini kwa miguu, hajapita barabara ile tangu harusi ya dada yake. "Basi, dada, usilipe," alisema.

Mwezi wa kumi na moja ilikuja bahasha tofauti. Ilikuwa na nembo ya jimbo. Ilisema usajili wa gari utasimamishwa tarehe fulani kwa sababu ya ushuru usiolipwa. Irma aliona sasa matapeli wamejitengenezea mpaka nembo, tena yenye farasi wake wawili. Hii hakuikata. Aliitia kwenye mkoba amkabidhi Grubb bingo ijayo, iwe ushahidi. Kisha akatafuta njia ya kuwazuia wasimpige picha tena.

Nyuma ya gari kulikuwa na mahali pa kufunga fremu ya chuma, ile ambayo kila mtu kwetu hubebea kulungu msimu wa kuwinda. Emil hakuwinda tena, ila fremu ilikuwepo gereji. Irma aliifunga, akaisimamisha juu yake kiti cha magurudumu cha Emil kilichokunjwa, akakikaza kwa kamba za mpira. Alirudi nyuma hatua tatu akatazama. Namba haikuonekana hata moja. Hakujua kwamba sheria ile ile ya waheshimiwa inawachukia wanaoficha namba zaidi kuliko wasiolipa. Kwa mara ya kwanza tangu kiangazi alilala usingizi.

Jumanne iliyofuata, saa nne asubuhi, theluji nyepesi ikianguka, taa nyekundu na za bluu ziliwaka nyuma yake.

Walikuwa porini kabisa, miti upande huu na miti upande ule. Irma aliwasha taa za tahadhari. Akapunguza mwendo. Hakusimama.

"Irma," Emil alisema. "Polisi."

"Si polisi."

"Gari lina taa."

"Taa zinauzwa."

"Ana kofia ya polisi."

"Kofia ndiyo rahisi zaidi!"

King'ora kililia. Irma alishika usukani kama mtu aliyening'inia ukingoni. Alimwamuru Emil apige 911, naye akapiga, akawasha spika ya simu. Mwanamke akajibu. Irma alieleza yote kwa pumzi moja: matapeli, picha, mume mgonjwa wa figo, kiti chake ni saa nne na nusu, akikosa anavimba.

"Mama, subiri," yule mwanamke alisema. Vibonye vya kompyuta vikasikika. King'ora. Kisha: "Mama, huyo nyuma yako ni polisi wa jimbo. Wa kweli. Tafadhali simama pembeni."

"Mwambie apige honi mara mbili."

"Mama..."

"Mara mbili!"

Halafu nyuma yao honi ikapigwa, mara mbili, polepole, kama inayoona aibu.

"Haya," Emil alisema, "hata mimi sasa namwamini."

Irma alimwamini pia, kwa kiasi cha robo tatu. Lakini karatasi ya njano ilisema penye watu, na kliniki ilikuwa maili mbili tu mbele. Alizimaliza zote mbili kwa mwendo wa trekta, akaingia uwanjani pa kliniki, akazima injini, akaweka mikono juu ya usukani.

Polisi alikuwa kijana, jina kifuani Teague, na mkono wake ulikuwa karibu na bastola. Hilo Irma aliliona kwanza, na kwa muda hakuona kingine. Ajabu ni kwamba kijana mwenyewe alikuwa amepauka. Gari linalokataa kusimama kwa maili kadhaa humfundisha polisi kufikiri mambo mengi, na hakuna hata moja kati yake linalohusu mwanamke mwenye sweta la krosheti.

"Mikono iwe hapo hapo! Kwa nini hukusimama?"

"Niliambiwa nisisimame."

"Na nani?"

"Na polisi."

Hapo mlango wa kliniki ulifunguliwa na nesi akatoka na koti mabegani. "Emil! Kiti namba tisa kinakusubiri wewe, unapiga soga nje na polisi?" Kisha akaona mkono wa kijana ulipo. "Afande," alisema kwa sauti nyingine, "huyu mgonjwa ameshachelewa. Ukimkamata, mashine unayo kwenye gari?"

Teague aliondoa mkono. Walikifungua kile kiti kutoka kwenye fremu, Emil akakaa, akasukumwa ndani akiwa amegeuza shingo. "Usimpige," alimwambia Teague. "Analia vibaya."

Namba ya gari sasa ilikuwa wazi. Teague aliitazama, akarudi kwenye gari lake, akachapa. Irma alimwona kupitia kioo akisoma, na akaona uso wake ulivyobadilika. Haukuwa mkali tena. Ulikuwa uso wa mtu anayeleta habari.

"Mama, usajili wa gari hili umesimamishwa. Ushuru wa barabara, miezi saba. Hukupata barua?"

Irma aliitoa mkobani. "Hii? Hii ni ya matapeli."

"Hii ni ya kweli."

"Unajuaje?"

"Mama, mimi ni jimbo."

"Wao pia wameandika hivyo. Tazama nembo."

Teague aliivua kofia yake, akaikung'uta theluji, akaivaa tena. Alieleza taratibu, kama anayemweleza bibi yake. Barabara si ya bure. Haijawahi kuwa ya bure. Kila picha ilikuwa safari, na kila safari ilikuwa ankara. Angeweza kuita gari la kuvuta sasa hivi. Hataliita, kwa kuwa hapa ni uwanja wa kliniki, si barabara. Atamwandikia kosa la kuficha namba tu. Lakini gari hili lisiguse barabara mpaka usajili urudi, na polisi mwingine akilikuta, litachukuliwa.

"Na Alhamisi?" Irma aliuliza.

"Alhamisi kuna nini?"

Irma alielekeza kidole mlangoni alikoingia Emil. Teague aliutazama mlango huo. Alimpa kikaratasi cha kosa na kadi yenye simu ya kituo chake, akaondoka.

Namba ya kulipia ilikuwa chini ya barua. Irma alikaa ndani ya gari baridi akaipiga. Alisubiri dakika arobaini akisikiliza muziki wa filimbi. Sauti ya mwanamume ikaja, ya upole, ikamwambia anadaiwa dola mia sita na kumi na mbili pamoja na faini. Kisha ikamwambia: "Nisomee namba ya kadi yako, mama."

Kila alichofundishwa kilimwambia akate simu. Hata yule mzee wa parokia aliibiwa kwa kutii maelekezo. Na upole huu, na neno hili mama, mwizi pia anaweza kuvitumia. Alifumba macho. Alisoma namba nne. Akanyamaza.

"Mama, upo?"

Ndani ya jengo lile damu ya Emil ilikuwa inatoka kwa mrija mmoja na kurudi kwa mwingine. Irma alisoma nne nyingine, na nne nyingine, na nne za mwisho, kama anayevua nguo moja moja mbele ya mgeni.

"Asante. Itachukua siku moja au mbili za kazi kuonekana kwenye mfumo. Utapata barua."

"Barua," Irma alisema.

Bernice aliomba ruhusa kazini akaja kuwachukua kwa gari la shemeji yake, na mbwa, kwa kuwa hakuwa na wa kumwachia. Walipita njia ya zamani. Irma alikaa saa moja na nusu pumzi ya mbwa ikimpiga shingoni, na hakulalamika. Alikuwa na hofu kubwa zaidi, na hofu, kama wageni, hukaa kwa cheo.

Jumatano benki ilimwambia pesa zimetoka. Hilo halikumtuliza. Pesa hutoka pia zikienda kwa mwizi.

Alhamisi asubuhi Bernice aliwapeleka tena, akawaacha mlangoni pa kliniki akakimbilia sufuria zake. Zaidi ya hapo asingeweza. Kurudi ilikuwa juu ya Irma na gari lile lililolala siku mbili chini ya theluji. Alipiga simu: yeye ni mtu wa ishirini na sita kwenye foleni, sauti ya mashine ikamjibu, na filimbi ikarudi. Alipiga kituo cha Teague, hayupo zamu. Hakuna barua iliyokuja. Saa tisa Emil alitoka akiwa mweupe kama karatasi, mkono umefungwa bandeji, anataka kulala tu.

"Tunaruhusiwa kwenda?" aliuliza.

"Sijui."

"Tutalala hapa?"

Njia ya zamani ilikuwa na barafu tangu adhuhuri. Irma aliifungua ile fremu ya kulungu akaitia ndani ya gari. Akafuta kibao cha namba kwa mkono wa sweta lake, kikang'aa. Akaingia barabara kuu.

Maili ya sita, kwenye nyasi za katikati ya barabara, gari la polisi lilikuwa limeegeshwa, na juu ya buti lake palikuwa na kamera mbili ndogo zinazosoma namba za wanaopita. Irma alilipita. Kwenye kioo aliliona likitingishika, likitoka, likiingia barabarani nyuma yake.

Hakuwasha taa za tahadhari. Hapakuwa na kanuni ya hili. Wakimchukulia gari, hakuna Jumamosi. Baada ya Jumamosi kuna Jumanne. Na ile sentensi yake isiyo na mwisho ilianza kujimalizia yenyewe kichwani. Lile gari lilisogea. Likakaa nyuma yake maili moja, na nyingine, karibu kiasi cha kuona kidevu cha dereva. Emil alikuwa anakoroma. Irma alijikuta anasema kwa sauti ndogo, kwa kibao chake cha namba na kwa yeyote anayekisoma, kwamba amelipa, amelipa zote, pesa zimeshatoka benki.

Gari la polisi lilihama upande wa kushoto, likawapita. Kamera zake hazikuona deni tena, na dereva hakugeuza hata kichwa. Alikuwa anakula sandwichi.

"Nini?" Emil aliuliza, akiwa amefumba macho.

"Hakuna."

Irma alitaka kusimama pembeni apumue. Lakini hapo mbele palikuwa na tao la chuma na kibao chake cha usisimame, naye sasa alijua kwamba vibao vya barabara hii vinamaanisha vinachosema. Akapita chini yake, akapigwa picha, akaendelea. Kilichobaki kilikuwa kumuuliza Emil Jumamosi aamshwe saa ngapi, na akamwuliza.